Gundi ya Mdudu wa Jino

Nikishataja kazi yangu ya kuchunguza bakteria wa kinywa, hakosi mtu wa kunifungulia kinywa anionyeshe jino "lililoliwa na mdudu". Simkosoi. Wazee wetu walikosea umbo tu: mdudu yupo, ila hana kichwa wala miguu, na elfu moja wao wakipanga foleni hawafikishi milimita moja. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa darasani, kwenye daladala na kwa simu.

Swali: Huyo mdudu ni nani hasa?

Jibu: Kwa jina la kitaalamu ni Streptococcus mutans, bakteria wa duara wanaoshikana kama shanga. Si peke yake kinywani. Aina zinazojulikana kuishi humo zinakaribia 700, ingawa mtu mmoja hawi nazo zote, na nyingi ni wapangaji wasio na fujo. Huyu alitolewa kwenye meno yaliyotoboka na J. Kilian Clarke, London, mwaka 1924. Clarke aliona baadhi yao wamerefuka kama yai, akadhani wamegeuka kutoka umbo lao la asili, ndipo jina "mutans" likazaliwa. Kisha ugunduzi wake ukalazwa kabatini hadi miaka ya 1960. Wanasayansi nao husahau.

Swali: Kwa hiyo anakula jino?

Jibu: Hali jino. Anakula sukari, na anachokitoa ni asidi ya laktiki. Asidi hiyo ikishusha pH juu ya jino chini ya 5.5 hivi, madini ya gamba la nje huanza kuyeyuka. Mate huja kuizimua na kurudisha madini, lakini yanahitaji muda, nusu saa au zaidi.

Hapo ndipo watu wananishangaa ninaposema shida si vijiko vingapi bali mara ngapi. Anayemaliza kikombe cha chai tamu na mandazi yake asubuhi, akaachana nacho, anayapa mate nafasi. Anayebeba chupa ya soda akaionja kila baada ya dakika kumi hadi adhuhuri hayapi. Ushahidi mkubwa wa hilo ulipatikana kwa njia ya aibu. Katika miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili meno yao yachunguzwe yakioza. Hawakuulizwa kama wanakubali. Waliopewa sukari pamoja na mlo waliharibika kidogo. Waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo waliangamia meno. Kila ninapofundisha matokeo hayo nasema kwanza yalitoka kwa nani.

Swali: Nasikia sukari ya kawaida ni mbaya kuliko glukosi. Sukari si sukari tu?

Jibu: Hili ndilo swali ninalolipenda, na hulijibu kwa neli mbili za majaribio. Jioni najaza zote mbili supu ya virutubisho. Moja naitia glukosi, nyingine sukari ya miwa, hii hii ya kwenye chai. Natia bakteria wale wale, naziegemeza kwenye joto la nyuzi 37, nakwenda kulala. Asubuhi neli ya glukosi ina maji ya ukungu na mashapo chini. Naitikisa, namwaga, kioo kinabaki kisafi. Neli ya sukari ya miwa nayo naipindua, supu inatoka, lakini utando mweupe unabaki umegandia ubavuni. Naufungulia bomba, haubanduki. Wanafunzi huwa wanacheka, kisha mmoja anajilamba meno bila kujua.

Utando ule ndio ukoga. Sukari ya miwa ni glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja. Bakteria huyu ana vimeng'enya vinavyokata fundo hilo na kuunganisha glukosi moja moja kuwa nyuzi za kunata ziitwazo glukani. Nguvu ya kukata fundo ndiyo inayotumika kusuka nyuzi, ndiyo maana glukosi ikija peke yake gundi haitengenezeki.

Swali: Mnajuaje ni vimeng'enya hivyo na si kitu kingine?

Jibu: Kwa kumnyang'anya. Mwaka 2002 ramani nzima ya vinasaba vya aina moja ya bakteria huyu, UA159, ilichapishwa Marekani: herufi milioni mbili hivi, na jeni karibu 2,000. Jeni za gundi zinaitwa gtfB, gtfC na gtfD. Tunatengeneza kipande cha vinasaba chenye jeni ya kuhimili antibiotiki, na kwenye ncha zake tunaweka mfuatano unaofanana na majirani wa jeni tunayotaka kuiondoa. Tunakiweka kwenye chakula chake, anakimeza mwenyewe, anakibandika pale pale penye mfanano, na jeni ya zamani inatoka. Kisha tunamwotesha kwenye sahani yenye antibiotiki: asiyebadilisha anakufa, aliyebadilisha anaota. Aliyepoteza gtfB na gtfC anaishi vizuri, asidi anatoa, lakini neli yake ya sukari ukiisuuza karibu yote yanakwenda na maji.

Swali: Anakimeza mwenyewe? Kwa nini bakteria ameze vinasaba vya mwingine?

Jibu: Ukoo wake una historia hiyo. Mwaka 1928, London, Frederick Griffith alimdunga panya bakteria wa nimonia wakali waliokwisha uawa kwa joto, pamoja na wapole walio hai. Panya akafa, na ndani yake wakapatikana wakali walio hai. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty wa New York wakaonyesha kilichohama ni vinasaba. Elimu yote ya leo kwamba urithi umeandikwa humo ilianzia kwa binamu wa mdudu wa jino.

Wa kwetu ana hila zaidi. Wakishasongamana hutoa vijipande vya protini vya kuitana. Wito ukienea, wanaachia sumu inayowapasua baadhi ya bakteria jirani, na wakati huo huo wanafungua milango ya kuingiza vinasaba. Anamuua jirani, kisha anabeba vyombo vya nyumba.

Ndiyo maana nakereka mtu akiumwa jino anapokwenda duka la dawa kununua vidonge vitatu vya amoksilini. Havizibi tundu. Vinachoweza kufanya ni kuwabakiza kinywani wale wenye jeni za kuhimili dawa, na imekwisha onekana kwamba bakteria wa nimonia hupata vipande vya jeni za kuhimili penisilini kutoka kwa ndugu zao wa kinywani.

Swali: Shikamoo daktari. Mama mkwe anamtafunia mwanangu nyama. Anamwambukiza?

Jibu: Marahaba. Anaweza. Tukilinganisha vinasaba, bakteria huyu wa mtoto mara nyingi ni yule yule wa mama au mlezi wake. Hujikita zaidi meno yakishaanza kuota, kwa kuwa anahitaji mahali pagumu pa kushika. Lakini usigombane na mama mkwe. Nyama msage au mkatekate, na meno yake yaliyotoboka yatibiwe. Hilo litamfaa yeye na mjukuu. Na mtoto asilale na chupa ya kitu kitamu mdomoni.

Swali: Meno ya kahawia ya watu wa Arusha ni bakteria?

Jibu: Hapana. Ni floridi nyingi ya maji ya bonde la ufa, waliyoinywa wakiwa wadogo.

Swali: Mswaki wa mti je?

Jibu: Unafaa, ukisugua kweli. Mzizi wa msuaki, Salvadora persica, una kemikali inayoua bakteria, lakini inawapiga zaidi wale wa magonjwa ya fizi kuliko huyu wetu. Kwake yeye kazi kubwa inafanywa na nyuzi na mkono wako.

Swali: Kwa nini msitengeneze mpole mkamweka badala yake?

Jibu: Jeffrey Hillman wa Florida alimtengeneza, na mwaka 2000 akachapisha namna alivyofanya. Alitoa jeni ya kutengeneza asidi ya laktiki. Ila bila jeni hiyo bakteria hufa, maana hana pa kutupia mabaki ya sukari. Akamtafutia njia nyingine: jeni ya Zymomonas mobilis, bakteria anayepatikana kwenye tembo la mnazi, inayogeuza mabaki hayo kuwa alkoholi, kidogo mno kumlevya mtu. Tena mpole huyo anatoa sumu ya kuwafukuza wenzake wakali. Kwenye panya meno yalioza kidogo zaidi. Kwa binadamu wasimamizi wa dawa wa Marekani waliweka masharti mazito, na nadhani walikuwa na haki. Bakteria anayepora vyombo vya jirani ukishamwachia kinywani mwa mtu, na mtu huyo akambusu mwanawe, humwiti tena akarudi maabara.