SOMO LA AFYA: DAWA YA VIUNGO NA KIFUA KIKUU KILICHOLALA

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima. Vidole vyake vilivimba na kuuma. Kila asubuhi vilikakamaa, hata jembe hawezi kushika. Hospitalini alipewa vidonge vya predinisoloni. Akapata nafuu, akarudi shambani.

Vidonge vilipokwisha hakurudi hospitalini. Akawa ananunua mwenyewe dukani. Baada ya miezi michache akaanza kukohoa na kukonda. Majirani wakasema amerogwa. Kumbe ni kifua kikuu!

Kifua kikuu kilitoka wapi?

Kila mtu ana kinga mwilini. Kinga ni kama walinzi wa shamba. Kazi yao ni kupambana na vijidudu vya magonjwa. Lakini kwa watu wengine walinzi hukosea. Wanaushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, hata figo. Ndivyo alivyougua mama yule.

Predinisoloni huwatuliza walinzi hao. Maumivu hupungua. Lakini mlinzi aliyetulizwa hafukuzi nguruwe vizuri.

Duniani, karibu mtu 1 katika kila watu 4 amekwisha kuambukizwa vijidudu vya kifua kikuu. Wengi hawaugui, maana kinga imevilaza. Kinga ikipungua nguvu, vijidudu huamka. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayemeza miligramu 15 au zaidi za predinisoloni kila siku kwa mwezi mmoja au zaidi. Zipo na sindano za ugonjwa huu, kama infliksimabu, zenye hatari hiyo hiyo.

Je, tufanye nini?

1. Kabla ya kuanza dawa hizi, mweleze mganga kama umewahi kuugua kifua kikuu, au umeishi na mgonjwa wake. Omba upimwe. Kama vijidudu vimelala, zipo dawa za kuzuia visiamke. Nyingine humezwa kila siku kwa miezi 6, nyingine mara moja kwa wiki kwa miezi 3.

2. Usinunue predinisoloni dukani bila cheti cha mganga.

3. Ukiona kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda au tezi kuvimba, nenda upimwe mapema. Usingoje homa kali, kwani dawa hizi huweza kuificha. Na kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia hata kwenye tezi, mifupa na tumbo.

4. Usiache predinisoloni ghafla kwa hofu. Mwili ulioizoea unaweza kulegea kabisa, hata mtu akafa. Mganga ndiye atakayeipunguza kidogo kidogo.

5. Mwonyeshe mganga dawa zote unazomeza. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya predinisoloni.

Kifua kikuu kinapona. Mama yule alipimwa makohozi, akameza dawa miezi 6 bila kukosa siku. Viungo vyake navyo vikatibiwa, safari hii chini ya macho ya mganga. Sasa analima.

Maswali ya kujadiliana

1. Mama yule alikosea wapi?
2. Kwa nini vijidudu vilivyolala huamka?
3. Nani kijijini kwenu anameza dawa ya viungo kila siku? Msomeeni somo hili.