Somo la Vikundi: Kuishi na Ugonjwa Usioondoka



Padri ameniomba niandike somo la mwezi huu kwa ajili ya vikundi vyetu. Nimekubali, maana ninalo jambo la kufundisha ambalo sikulipata chuoni. Nilifundisha walimu miaka ishirini na saba mpaka nilipostaafu. Mwaka 2016 nilipata saratani ya titi, nikapasuliwa. Mwaka 2021 ilirudi, safari hii katika mifupa ya nyonga na ya mgongo. Wengi wenu mnajua habari ya kwanza. Ya pili niliwaficha. Mnaniona kanisani nimevaa kitenge changu, mnasema, "Mwalimu, Mungu mkubwa, umepona!" Nami hujibu, "Asanteni," nikanyamaza. Leo sinyamazi.

1. Maneno mawili tusiyachanganye

Kuponya na kutibu si neno moja. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Kutibu ni kuushughulikia, hata kama hauondoki. Mwenye kisukari hutibiwa miaka mingi, wala hakuna amwulizaye atamaliza dawa lini. Saratani ya titi ikisha kuenea katika mifupa, ini, mapafu au ubongo, kwa dawa zilizopo leo kwa kawaida haiponi, lakini inatibika. Wako wanaoishi nayo miezi, na wako wanaoishi nayo miaka mingi. Tena, ikifika mfupani haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Ni ile ile ya titi, na hutibiwa kwa dawa za titi.

2. Chakula cha ugonjwa

Saratani za titi si za aina moja. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupelekwa maabara kupimwa. Aina iliyo nyingi zaidi duniani ndiyo hii yangu, inayostawishwa na homoni za mwili, hasa estrojeni. Chembe zake zina vipokezi, mfano wa kitasa mlangoni. Estrojeni ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, chembe huamshwa izaliane.

Basi, matibabu ni ya namna mbili: kuziba kitasa, au kupunguza funguo. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Scotland, George Beatson, alitangaza kwamba aliwaondoa ovari wanawake wenye saratani iliyoenea na uvimbe ukapungua. Alipunguza funguo kabla estrojeni yenyewe haijajulikana. Dawa ya tamoksifeni, iliyoanza kuruhusiwa Uingereza katika miaka ya 1970, huziba kitasa. Letrozoli na anastrozoli hupunguza funguo kwa wanawake waliokoma hedhi. Asiyekoma hupewa pamoja nazo njia ya kuzituliza ovari. Tangu mwaka 2015, kwa kuanzia Marekani, ziko pia dawa kama palbosiklibu, ambazo huongezwa juu ya hizo ili kuuchelewesha ugonjwa zaidi. Hizi ni ghali sana. Tamoksifeni si ghali hivyo, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

3. Kosa langu

Mimi natumia letrozoli, kidonge kimoja kila siku. Asubuhi viungo hukakamaa kama vya bibi wa miaka tisini, na joto hunipanda hata wakati wa baridi. Mwaka 2022 mhubiri mmoja mgeni aliniombea, kisha akaniambia kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Nilikuwa nimechoka, na maneno yake yalikuwa matamu. Nikaacha dawa miezi mitatu, bila kumwambia daktari wala wanangu.

Mwezi wa tatu nilishindwa kuinama kufunga kiatu. Picha zilionyesha ugonjwa umeongezeka mgongoni. Nikachomwa mionzi, maumivu yakapungua, nikarudishwa kwenye dawa. Mtu niliyewafundisha wengine kupima kila jambo kwa ushahidi, nilishindwa kupima hilo. Ndugu, sala haikuwa kosa. Hata sasa niombeeni. Kosa lilikuwa kuzigombanisha sala na dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha mara mbili.

Dawa ikikutesa, mwambie daktari. Huenda akaibadilisha au akatuliza madhara yake. Vivyo hivyo, mtajie kila mzizi na kila unga unaokunywa, kwa kuwa baadhi yake hugongana na dawa.

4. Dalili zisizongoja kesho

Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akipata: maumivu mapya makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo, maana huenda uti wa mgongo unabanwa, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba ghafula, au kuchanganyikiwa akili.

Maumivu nayo yasivumiliwe kama adhabu. Mofini ya kunywa ikitolewa na daktari ni msaada mkubwa, wala si dalili kwamba mtu anakufa kesho. Wapo wanaoinywa na kwenda shambani.

5. Tumaini ni kitu gani?

Zamani nilidhani tumaini ni kuwa na hakika kwamba mambo yatakuwa mazuri. Kama ndivyo, mimi sinalo, kwa sababu hakika hiyo sikupewa. Sasa nalipanga kama mwalimu apangavyo andalio la somo: kipindi kwa kipindi. Kila miezi mitatu napimwa. Kati ya kipimo na kipimo najiwekea kazi: mjukuu ajue kusoma, paa la jiko lizibwe, kwaya ijifunze wimbo mpya. Usia wangu nimekwisha uandika, na wanangu nimewaambia nizikwe wapi. Hilo halikuniondolea tumaini. Lilinitua mzigo.

Mwaka ule ugonjwa uliporudi, nilipanda miche mitatu ya michungwa nyuma ya nyumba. Nilifikiri nawapandia wengine. Mwaka 2024 nilichuma chungwa la kwanza nikalimenya mwenyewe. Lilikuwa kali kidogo. Nililimaliza.

6. Mtusaidieje?

Msituambie tumepona kwa kuwa tumenenepa. Msituletee habari za uchawi. Mgonjwa haulizwi uji: badala ya kusema "Ukihitaji kitu niambie," njoo na ndoo ya maji, au nauli ya basi, au msindikize mgonjwa kliniki ukamshikie foleni. Ukikosa la kusema, keti tu. Nanyi wanaume msidhani jambo hili ni la akina mama peke yao, kwani saratani ya titi huwapata wanaume pia, ingawa ni mara chache. Yeyote aonaye uvimbe, chuchu kuingia ndani au ngozi ya titi kubonyea, akapimwe mapema, wakati kuponya bado kunawezekana.

Maswali ya kuzungumzia

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kuponya na kutibu.
2. Je, katika mtaa wetu yuko mtu aliyeacha dawa kwa kushauriwa vibaya? Tumwendeeje bila kumwaibisha?
3. Kwa nini mwandishi alificha ugonjwa wake? Sisi tulichangia nini katika kuficha kwake?
4. Kikundi chenu kichague mgonjwa mmoja, na kazi moja mtakayomfanyia kabla ya mwezi kwisha.

Kipimo changu kijacho ni baada ya mavuno. Atakayeweza kunisindikiza, anikute nje baada ya ibada.

Ni mimi mwalimu wenu.