Nyimbo za Zamani na Afya ya Wazee

Sisi tuliokulia mkoa wa Morogoro twalikumbuka dansi la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Wimbo ulianza polepole, kisha likaja chemko, na hakuna aliyebaki kitini. Mara nyingine upande mmoja wa santuri haukutosha. Ilibidi kuigeuza ili dansi liendelee.

Je, hayo yanahusu nini afya? Hapa Ifakara tulimhudumia bibi mmoja aliyesahau hata majina ya wanawe. Majirani walisema amerogwa. Mjukuu alipomwekea wimbo wa ujana wake kwenye simu, bibi aliimba ubeti mzima huku akitikisa mabega. Nyimbo za ujanani mara nyingi hubaki kichwani hata mengine yanapopotea. Muziki hauponyi ugonjwa huu, lakini humtuliza mgonjwa na wanaomtunza.

Basi tufanye hivi:

1. Tuwaulize wazee wetu mapema nyimbo walizozipenda.

2. Tucheze nao. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na dansi limo. Mzee akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na apelekwe hospitali.

3. Sauti iwe ya kiasi. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayaponi.

4. Dawa za presha zisiachwe kwa sababu ya dansi.

5. Mzee anayesahau sana apimwe. Mara nyingine chanzo chake hutibika. Tusimfiche ndani, wala tusimwite mchawi.