Tunamtafuta Bwana au Mkate?



Sura ya 6 ya Injili ya Yohane ina watu wa kushangaza. Siku moja kabla wamelishwa mikate mitano na samaki wawili; sasa wanapanda mashua na kuvuka ziwa hadi Kafarnaumu wakimtafuta Yesu. Paroko yeyote angefurahi kuwa na waamini wa namna hiyo. Yesu hawapongezi. Anawaambia wazi kwamba wamemfuata kwa sababu walikula wakashiba (Yn 6:26).

Neno hilo linatugusa. Yupo anayehudhuria jumuiya ili akifa asikose Misa ya mazishi. Yupo anayesubiri majina ya watoa mavuno yaanze kusomwa hadharani ndipo ataje ahadi yake. Nasi mafrateri tusijifiche ndani ya kanzu: kengele ikilia tunawahi Masifu ya Asubuhi, na walezi wanaona nani yupo. Kipimo chetu ni likizo, nyumbani, pasipo kengele. (Ingawa hata huko kuna barua ya paroko!)

Wengine wakilitambua hilo husema: afadhali nisiende kabisa kuliko kwenda kwa unafiki. Hoja hii inaonekana nyofu, lakini inachanganya mambo mawili. Nia inaweza kuwa mbovu, au inaweza kuwa changa tu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kutoa sadaka kwa ajili ya majivuno ni tendo baya. Lengo limeliharibu, hata kama maskini ameshiba. Huyo ndiye mpiga tarumbeta wa Mathayo 6:2: alitaka kuonekana, ameonekana, hesabu yake imefungwa. Watu wa mashua ni tofauti. Wametaka kitu kidogo, lakini wamekitaka kwa Bwana mwenyewe. Vivyo hivyo yule anayeogopa kukosa Misa ya mazishi: hofu yake, ukiisikiliza vizuri, ni hamu ya kutoachwa na Kanisa saa ya mwisho. Sioni unafiki hapo.

Ndiyo maana Yesu hawafukuzi. Anakaa nao, anawafundisha juu ya mkate wa uzima, anawajibu hata wanaponung'unika. Lakini pia hawabembelezi. Somo linapokuwa gumu, wengi wa wanafunzi wake wanarudi nyuma (Yn 6:66), naye hawaiti kwa kuwaahidi mikate mingine. Nia changa inatakiwa kukua, na hukua kwa kusikiliza. Anayebaki nyumbani akisubiri moyo utakate kwanza, somo hilo halimfikii.

Petro alibaki. Ni Petro huyohuyo ambaye, katika Mathayo 19:27, anauliza watapata nini wao walioacha vyote. Yesu hakumkaripia kwa swali hilo. Alimjibu.