Saini ya Mzazi Haifuti Jinai

Bibi mmoja wa wilaya ya Pangani ameniletea waraka mrefu, na kwa kuwa nyaraka za namna hiyo nimekwisha kuzipokea nyingi, zikitofautiana majina ya shule na idadi ya mapigo tu, naona inanipasa nimjibu hadharani ili jawabu lake liwafae na wengine. Mwanawe, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni, aliamshwa usiku na viranja wa Kidato cha Nne, akapigishwa magoti, akachapwa kwa mkanda mpaka mgongo ukachubuka, kisha akaamriwa avue nguo acheze mbele ya wenziwe, na madhila hayo yakarekodiwa kwa simu ambayo kwa sharti la shule haikupasa kuwamo bwenini. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alichelewa kuwafulia wakubwa nguo zao. Mkuu wa shule alipopata habari aliwaita wazazi wa pande zote, akawawekea mezani karatasi iliyokwisha kuandikwa, yenye kusema kwamba wamemalizana kwa amani na kwamba mzazi wa mtoto hana madai tena, sasa wala baadaye. Bibi akapewa shilingi 80,000 za dawa, akatia saini. Sasa mtoto hali wala halali, video inazunguka katika simu za watu, naye ananiuliza: je, haki ya mwanangu nimeiuza?

Hukuiuza, bibi, kwa sababu haikuwa yako kuiuza. Kumpiga mtu na kumdhuru mwili ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Na mashtaka ya jinai huendeshwa kwa jina la Jamhuri, wala si kwa jina la mama, baba au mjomba. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu suluhu katika makosa madogo ya shambulio la kawaida, lakini anayeruhusiwa kuisimamia suluhu hiyo ni mahakama, baada ya kupima kama maslahi ya umma hayadai adhabu, na kwa ridhaa ya mlalamikaji. Ofisi ya mkuu wa shule si mahakama, na mkuu wa shule si hakimu. Aghalabu yeye mwenyewe ni mtu mwenye la kujibu, maana bweni lilikuwa chini ya ulinzi wake. Karatasi ile, basi, haina nguvu ya kumzuia polisi kupeleleza wala mwendesha mashtaka kushtaki. Nguvu yake yote imo katika hofu ya aliyeitia saini, na waliokuandikia walilijua hilo vizuri kuliko wewe.

Hapa ndipo mtego ulipo, na wazazi wengi hunasa kwa sababu umepambwa kwa maneno mema. Huambiwa kwamba vijana wa watu watakosa mtihani wa taifa, kwamba jina la shule litachafuka, kwamba mtoto wao ataitwa msaliti, na kwamba busara ni kumhamisha. Tazama insafu ya shauri hilo: aliyeonewa ndiye afungashe tranka lake, aache shule, rafiki na masomo, ilhali waliomwonea wabaki bwenini wakimngoja njuka mwingine mwaka ujao. Sijapata kuona dhuluma inayovaa kanzu ya busara kwa ufundi kama huu. Mzazi akishinikizwa kutia saini, na akatae. Na akiwa amekwisha kutia, aende mbele kana kwamba hakutia, akiichukua nakala ya karatasi ile iwe ushahidi kwamba shule ilijua, na ilijua tarehe gani.

Watu husema kwamba vijana wale ni viranja na kwamba kiranja ana mamlaka. Mamlaka gani? Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002, ambalo ndilo linalotawala fimbo shuleni, linampa mkuu wa shule uwezo wa kuchapa, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Viwe kwa kosa kubwa. Na kila adhabu iandikwe katika daftari. Mwanafunzi hakutajwa popote kuwa mchapaji. Kiranja anayemchapa mwenziwe hana tofauti mbele ya sheria na mpita njia aliyemvamia sokoni, na mwalimu anayemtuma kiranja akachape kwa niaba yake anamtuma mtu katika kosa. Kadhalika kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumtesa mtoto au kumtendea mambo ya kumdhalilisha, yaani kitendo kilichokusudiwa kumfedhehesha au kumshushia utu. Kumvua mtoto nguo na kumchezesha mbele ya kadamnasi ni hayo hayo yaliyokatazwa, hata pasingalikuwa na jeraha moja mwilini.

Nije kwenye video, maana hapa bibi mwenyewe amesimama ukingoni. Anasema kwamba kwa uchungu aliisambaza kwa jamaa zake ili waone unyama uliotendeka. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara na Visiwani, kinamtia hatiani anayetuma ujumbe kwa njia ya mtandao kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hilo linawahusu walioirusha kwa dhihaka. Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu kingine juu ya kuchapisha picha za ngono za watoto, ambacho kifungo chake hakipungui miaka 7, na mahakama ikiiona video ya mtoto aliye uchi kuwa ya namna hiyo, mzazi aliyeisambaza kwa nia njema atajikuta akijieleza kizimbani pamoja na walioirekodi. Kwa hiyo usiisambaze kwa mtu yeyote, hata kwa mjomba, hata kwa mwandishi wa habari, wala usiifute. Iache katika simu ilimofika, andika namba iliyoituma, siku na saa, kisha ikabidhi polisi, na simu ikichukuliwa dai risiti, kwani sheria inamtaka askari aitoe. Ujumbe wa simu ni ushahidi unaopokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini hakimu huuliza umehifadhiwa vipi na umepita mikononi mwa nani.

Kituoni muulizie askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Utapewa fomu ya PF3 uende nayo hospitali, nayo haina bei. Askari anayekudai fedha ya karatasi, au mafuta ya gari la kwenda kuwakamata watuhumiwa, anakuuzia kazi ambayo amekwisha kulipwa mshahara kuifanya. Muombe jina lake na namba yake, na aghalabu gari litapata mafuta. Usingoje jeraha lipone kwa kuwa mkuu wa shule ameahidi kulishughulikia mwenyewe. Daktari huandika analoliona, na kovu la mwezi mmoja halisemi kama jeraha la jana.

Sambamba na hayo, andika barua kwa mkuu wa shule yenye tarehe, ukitaja usiku, bweni na waliokuwapo, na nakala mpelekee afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye Sheria ya Mtoto imempa uwezo wa kumwita anayelalamikiwa. Bakiza nakala moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana malalamiko ya mdomo hufa siku mkuu wa shule anapohamishwa. Asiyeweza kufika ofisini apige namba 116, ambayo ni ya watoto na haitozwi. Mkitaka kuidai fidia shule ya serikali, jueni kwamba hutangulia taarifa ya siku 90. Wasomaji wa Unguja na Pemba wana Sheria yao ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, nao wataangalia humo badala ya kifungu cha 13 nilichokitaja.

Bibi anahofu kwamba atawaharibia maisha watoto wa wenziwe. Hofu hiyo ni ya mtu mwenye imani, na sheria imekwisha kuifikiria: aliye chini ya miaka 18 hupelekwa Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Mtoto inakataza kabisa kumhukumu mtoto kifungo cha jela, ataonywa, atawekwa chini ya uangalizi, au kwa jambo zito atapelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Lakini kiranja aliyetimiza miaka 18, nao wapo wengi katika vidato vya juu, ni mtu mzima, na kumwita kijana hakumpunguzii chochote. Mwanao naye asikatishwe tamaa kwa kuambiwa kwamba ni mdogo hawezi kusadikiwa: asiyezidi umri wa miaka 14 huruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu mbele ya mahakama kusema kweli na kutosema uongo.

Nimeyaeleza yaliyomo katika sheria. Sasa niseme juu ya sheria yenyewe. Anayemdhalilisha mtoto kwa mikono yake, akishtakiwa chini ya Sheria ya Mtoto, hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi 5,000,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Anayemdhalilisha kwa simu, faini haipungui kiasi hicho hicho na kifungo hakipungui miaka 3. Palipo dari ya mkono ndipo inapoanzia sakafu ya simu, kana kwamba mkanda huuma kidogo kuliko maneno. Wajibu wa kutoa taarifa nao umewekwa juu ya kila mwanajamii mwenye ushahidi, na jambo la watu wote huwa si la mtu yeyote. Ungalistahili kuwekwa kwa jina la cheo juu ya mkuu wa shule, kwa muda wa saa zinazohesabika, na adhabu kwa anayeficha.

Na juu ya yote, taifa linalompa mwalimu viboko vinne kwa Tangazo la Serikali lisistaajabu kiranja akijipa kumi kwa tangazo lake. Kijana hujifunza darasani kwamba mwenye cheo humsahihisha asiye na cheo kwa kumuumiza, kisha usiku bwenini anafanya mazoezi ya somo hilo. Wabunge wanaotaka uonevu ukome shuleni waanze na Tangazo Namba 294: walifute lote, na fimbo ya mwalimu iondoke pamoja na mkanda wa kiranja.