Somo la Kikundi: Safari Wakati wa Mgomo wa Ndege

Tumechanga harambee, tiketi ya mgonjwa wetu kwenda India imekatwa, halafu redio inatangaza mgomo. Tutafanya nini?

Mambo haya hutokea. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma wakipinga uwanja kukodishwa kwa kampuni ya Adani. Walipatana siku hiyo hiyo, lakini abiria wengi walikuwa wamekwama kwa masaa mengi.

Tusome Yakobo 4:13–15. Kupanga safari si dhambi. Kosa ni kudhani kesho iko mkononi mwetu. Basi tujitayarishe:

1. Kabla ya kupanda matatu, tupige simu kwa shirika la ndege au wakala aliyekata tiketi.
2. Tusifute tiketi wenyewe kwa hofu, tunaweza kupoteza pesa. Shirika likifuta safari, tuombe siku nyingine au turudishiwe pesa.
3. Tujulishe hospitali mapema, wasogeze siku.
4. Mweka hazina abakize pesa za chakula na kulala. Dawa zikae kwa mkoba wa mkononi, si kwa sanduku.

Waliogoma nao wana malalamiko yao. Tusiwatukane, tuwaombee wapatane.

Tujadiliane: Nani kati yetu ana namba ya hospitali? Tukicheleweshwa siku tatu, pesa zitatosha?