Kumsamehe Ndugu Arudiaye Kosa Lile Lile

Mvuvi mmoja wa kando ya ziwa Tanganyika alikuwa na mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa alivua ndakala usiku kwa taa, mke wake alizianika mchangani, na mdogo alipewa kazi ya kuzipeleka sokoni na kurudisha faranga nyumbani. Siku ya kwanza faranga zilipopungua, mdogo alikiri kwamba alipita penye pombe. Akapiga magoti, akasema, «Yaya, unisamehe, sitarudia.» Mkubwa akamwinua, akamsamehe. Baada ya majuma machache kosa likarudi, naye akasamehewa tena. Likarudi mara ya tatu. Hata mara ya nne, mkubwa alikataa kuitikia salamu ya mdogo wake, akamwita mkatekista wa kijiji aje kuwa shahidi kwamba udugu umekwisha.

Mkatekista alipoingia, mvuvi alivuta mlango wa chumba, akamwonyesha ukutani mistari minne iliyochorwa kwa makaa.

«Mwalimu, uhesabu mwenyewe. Mtu wa mara nne si ndugu tena, ni mwizi.»

«Mstari huu wa kwanza, kosa lake ulilisamehe?»

«Nililisamehe. Hata wewe ulikuwapo.»

«Na huu wa pili?»

«Huo pia.»

«Na wa tatu?»

«Huo pia, mwalimu, ingawa kwa shida.»

«Basi kwa nini mistari hiyo ingali ukutani?»

Mvuvi hakujibu.

Swali la mkatekista lilionyesha ugonjwa ulipo. Deni lililofutwa halihesabiwi pamoja na deni jipya. Mfanyabiashara aliyepasua karatasi ya deni hawezi kuirudia kesho yake na kudai jumla ya yote. Vivyo hivyo, mtu asemaye, «Hii ni mara ya nne,» anakiri pasipo kujua kwamba yale matatu ya kwanza hakuyasamehe. Aliyaweka akiba tu. Kama yalisamehewa kweli, kosa la leo limesimama peke yake, nalo laweza kusamehewa kama lile la kwanza. Ni kweli kwamba akili ya mtu haifutiki kama ukuta, wala Mungu hamwagizi mtu kusahau kwa nguvu. Kukumbuka si dhambi. Dhambi ni kutunza hesabu kwa kungoja siku ya kuidai.

Mtume Petro naye alipenda kujua hesabu. Katika sura ya 18 ya Evanjili ya Mateo alimwendea Bwana akamwuliza kama inatosha kumsamehe ndugu mara saba. Asidharauliwe kwa swali hilo: mara saba ni nyingi, na wakristu wengi hawafiki hata tatu. Lakini Yezu hakuikubali saba yake. Alimjibu kwa hesabu ambayo wengine huisoma sabini na saba, na wengine saba mara sabini, ambayo ni 490. Asiwepo mtu wa kudhani kwamba kosa la 491 limeruhusiwa kulipizwa. Bwana alikuwa anarudia hesabu ya kale iliyomo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, na maneno ya Kigiriki ya Mateo ni yale yale yaliyotumika katika tafsiri ya Kigiriki ya kitabu hicho. Pale, Lameki, mtu wa ukoo wa Kaini, alijisifu mbele ya wake zake kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Yezu alitwaa kipimo hicho cha damu akakifanya kipimo cha huruma. Kama vile kisasi cha Lameki hakikuwa na mwisho, msamaha wa mkristu nao usiwe na mwisho.

Ndipo Bwana alipotoa mfano wa mtumishi mwenye deni kwa mfalme, na mfano huo wafaa kupigiwa hesabu vizuri, kwa sababu mara nyingi hufundishwa haraka. Mtumishi yule alidaiwa talenta 10,000. Talenta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kila mwaka angehitaji miaka 200,000 ili kulilipa deni hilo. Yosefu Flavio, mwandishi wa historia ya Wayahudi, aliandika kwamba Herode Antipa alipata talenta 200 kwa mwaka kutoka nchi zake mbili, Galilaya na Perea; kwa hiyo hata Herode angelipa mapato yake yote kwa muda wa miaka 50. Mtumishi alipoomba angojewe kidogo ili alipe yote, alisema upuuzi, na mfalme alijua. Hakumngojea. Alimfutia.

Kisha mtumishi huyo akatoka akamkaba mwenzake aliyemwia dinari 100. Hapa walimu wengine husema kwamba dinari 100 si kitu. Hawasemi vema. Dinari 100 ni kazi ya siku 100, yaani miezi minne hivi ya jasho la kibarua. Mwenye nyumba aliyepotewa na mshahara wa miezi minne hawezi kuambiwa kwamba hakupotewa na kitu. Yezu hakusema kwamba makosa ya ndugu ni madogo. Faranga za ndakala zilikuwa chakula cha watoto na karo ya shule, na machozi ya mke wa mvuvi yalikuwa machozi ya kweli. Ila ukizitia dinari 100 katika mizani pamoja na talenta 10,000, ndipo utakapoona kwa nini mfalme alikasirika.

Katika sala ya Baba Yetu kuna maombi saba. Mateo, katika sura ya 6, aonyesha kwamba mara baada ya kuifundisha sala hiyo Yezu alirudia ombi moja tu kulieleza, nalo ni lile la kusamehewa kama tunavyosamehe. Huenda alijua kwamba ndilo ombi watu watakalolipitia haraka.

Mvuvi naye alikuwa na neno la kujibu, na neno lake ni la haki. «Mwalimu, nikimsamehe kila siku, atanizoea. Ataninywea nyumba nzima.» Wengi husema hivyo: mke ambaye mumewe anarudi kila mara na matusi yale yale, jirani ambaye mbuzi za mwenzake humaliza mihogo yake kila msimu. Lakini Evanjili haikuwaagiza kunyamaza. Katika sura ya 17 ya Luka, kabla ya kutaja makosa saba ya siku moja, Yezu aliagiza kwanza kwamba ndugu akosaye akemewe. Na katika Mateo, mistari michache tu kabla ya swali la Petro, imewekwa njia ya kumwonya: kwanza faraghani, watu wawili tu, asiposikia, mbele ya shahidi mmoja au wawili, asiposikia hao, mbele ya Eklezya. Njia hiyo inafanana na desturi ya wazee, ambao hawapeleki shauri la ndugu barazani kabla halijazungumzwa nyumbani. Mvuvi alikuwa ameiruka hatua ya kwanza. Alimsamehe mdogo wake mara tatu, lakini hata mara moja hakuketi naye kumwuliza ni nani anaowakuta penye pombe, na kwa nini hawezi kupita.

Tena, msamaha na mfuko ni vitu viwili. Kumsamehe mtu ni kuacha kumchukia na kuacha kumdai kisasi; si lazima kumpa tena kesho ufunguo wa sanduku. Aliyeiba bado anapaswa kurudisha kwa kadiri ya uwezo wake, na padri katika kitubio humdai jambo hilo. Mwanamke anayepigwa aweza kumsamehe mume wake na papo hapo kukimbilia kwa wazazi wake, au kumshtaki mbele ya mwamuzi, wala hakukosa. Na kama mkosaji hataki kutubu? Hapo kupatana hakuwezekani, kwa maana kupatana ni kazi ya watu wawili. Lakini moyo wa aliyekosewa waweza kufunguka peke yake, kama alivyofanya Bwana msalabani kwa ajili ya watu ambao hawakumwomba radhi.

Wakristu wa Kongo wanaye shahidi wa jambo hilo katika Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906, akafanya kazi katika shamba la kampuni huko Ikili. Wakala mmoja Mbelgiji alimkataza kusali na kuvaa skapulari ya Bikira Maria. Akakatazwa, akapigwa, akapigwa tena kwa mjeledi wenye misumari, hata mgongo ukaoza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Mapadri walipomshauri amsamehe aliyemtesa, wakamkuta amekwisha kumsamehe, naye akaahidi kumwombea mbinguni. Lakini hakuficha sababu ya kupigwa kwake. Alitaka watu wajue kwamba anakufa kwa kuwa ni mkristu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Yafaa pia kujua kwamba Eklezya yenyewe ilisitasita zamani mbele ya wanaorudia. Katika karne za kwanza, waliotenda makosa makubwa baada ya ubatizo, kama kuua, kuzini au kukana imani, walipewa kitubio cha hadharani mara moja tu katika maisha. Hata mwaka 589 Mtaguso wa Toledo, katika nchi ya Hispania, ulilaumu waliotaka kupatanishwa kila mara walipoanguka. Lakini watawa wa Irlandi walikuwa wameanza kuungamisha faraghani, tena mara nyingi, na desturi hiyo ikaenea kidogo kidogo. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano ukaagiza kila mkristu mwenye akili timamu aungame walau mara moja kila mwaka. Maana yake nini, ila kwamba Eklezya ilikubali kwamba watu wake watarudi, na mara nyingi watarudi na dhambi zile zile?

Kwa hiyo mkatekista alimwuliza mvuvi swali la pili, pasipo kutaka jibu. «Ukienda kuungama kabla ya Noeli, na tena kabla ya Pasaka, dhambi zako ni mpya kila mara?» Mvuvi akacheka kidogo. Kila mtu pale kijijini alijua hasira yake. Petro naye, aliyeuliza habari ya mara saba, alimkana Bwana mara tatu katika usiku mmoja, kabla jogoo hajawika. Baadaye ufukweni mwa ziwa Yezu hakumwonyesha mistari mitatu ukutani. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kundi.

Siku ile ndugu wale wawili waliketi chini ya mwembe mpaka jioni. Waliamua kwamba tangu hapo mke wa mvuvi ndiye atakayekwenda sokoni, na mdogo ataingia mtumbwini usiku, ambapo hakuna pombe. Faranga zilizopotea atazilipa kwa sehemu yake ya samaki, kidogo kidogo. Miezi miwili ilipita vizuri. Kisha usiku mmoja hakutokea pwani, alikuja alfajiri, macho mekundu, akasema, «Yaya, unisamehe.» Mkubwa alikuwa na hasira nyingi. Alimpa kwanza wavu wenye matundu aushone, akamwambia kwamba watazungumza jua likipanda. Nao wakazungumza, akamsamehe.

Ile mistari ya makaa alikuwa ameifuta kwa kitambaa chenye maji tangu siku ya mwembe, lakini doa jeusi lilibaki. Kabla ya Pasaka mke wake alichota udongo mweupe akalipaka.